Naomba ushauri: nitapimaje ubora wa modeli ya kiuchumi ya chanjo ya malaria?

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Kampala. Nimepewa kazi ya kukagua modeli inayolinganisha gharama na manufaa ya chanjo ya malaria kwa watoto, nami naomba mwongozo wenu.

Orodha ya CHEERS (mwongozo wa mambo yanayopaswa kuelezwa katika ripoti za tathmini ya kiuchumi ya afya), iliyohuishwa mwaka 2022 ikiwa na vipengele 28, hunionyesha kama waandishi wameeleza kila hatua, lakini kueleza vizuri si sawa na kukokotoa vizuri. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba gharama za matibabu zimechukuliwa kutoka nchi tajiri, tena kinga imechukuliwa kuwa haipungui kamwe, ilhali inajulikana kwamba hufifia kadiri miaka inavyopita (hapo nilishtuka).

Je, nianze kuhoji takwimu au muundo wenyewe? Nanyi mliowahi kufanya kazi hii, mlilinganishaje matokeo ya modeli na kumbukumbu za vituo vyetu vya afya?