Haiti na Dominika kisiwa kimoja, mbona mmoja analia na mwingine anacheka?

Dere wa 46: Wasee niko steji Kawangware nangoja gari ijae, nasikia kwa redio ati Jamhuri ya Dominika ilifukuza Wahaiti zaidi ya 250,000 mwaka wa 2024 peke yake, wanabebwa kwa lori zenye vizimba kama kuku wa kienyeji. Sasa nikajiuliza, hiki si kisiwa kimoja? Jua moja, bahari moja, huku Dominika watalii wanaota jua Punta Cana, kule Haiti polisi wetu wa Kenya walitumwa kufukuzana na magenge. Shida ni Wahaiti wenyewe, ama jirani, ama wazungu? Jibuni bila matusi.

Kasuku Mjuaji: Ni Mfaransa, kesi imeisha. Wahaiti walijikomboa 1804 kutoka utumwani, 1825 Mfaransa akarudi na manowari akadai faranga milioni 150 za hasara aliyopata. Hasara gani? Ya kupoteza watumwa! Yaani wewe uliyefungwa mnyororo unilipe kwa sababu umeufungua. 1838 ikashushwa ikawa milioni 90 lakini walikuwa washakopa benki za hao hao Wafaransa ili walipe, na mikopo ya hiyo maneno imekuja kuisha 1947. Jirani yake hakuwa na deni kama hilo, tuanzie hapo.

Baba Pacha: Kila kitu mzungu. Mbona husemi Haiti ndiye alimtawala huyo jirani kuanzia 1822 mpaka 1844? Na Dominika naye aliingiliwa na Marekani 1916 mpaka 1924, halafu akakaliwa na dikteta Trujillo miaka 30 hivi, na bado amesimama. Tofauti ni akili. Rais wao Balaguer alifunga viwanda vya kupasua mbao 1967 akatuma jeshi msituni, baadaye wakawekea gesi ruzuku watu waache makaa. Haiti wao wakakata mpaka mzizi. Tafuta picha ya kutoka angani, mpaka unauona kwa macho, huku kijani huku kahawia. Kuna watu wamezoea kuomba tu, kama hawa Warundi wa njugu wamejaa Nairobi, kutwa na ndoo, kwao wameacha mashamba na ziwa zima.

Mwenye Ploti: Simama hapo hapo. Kuuza ni kuomba tangu lini? Kwangu nina vijana wanne wa hiyo kazi, chumba kimoja cha mabati. Saa kumi alfajiri nawasikia wanapepeta, wanachambua zilizooza chini ya bulbu moja, halafu sufuria na chumvi, harufu inaamsha ploti yote mpaka unaona njaa na hujaoga. Kodi inaingia tarehe tatu. Nina mwalimu hapo mlango wa pili mwenye tai na begi la ngozi, tarehe 20 bado tunachezeana kalongolongo.

Fundi wa Simu: 😂😂 mwalimu wa watu amekosa nini tena

Baba Pacha: Sijasema ni wezi. Nasema wanakula kazi ya vijana wetu.

Dere wa 46: Kijana wetu gani anataka kuuza njugu? Mlete. Wangu wa kuita abiria jana amekataa kumbebea mama gunia la viazi ati ataharibu nywele.

Binti wa Buyenzi: Mimi ni Mrundi, Nairobi niko tangu 2016, nasoma tu nanyamaza lakini leo hapana. Baba Pacha, ziwa lipo na samaki wapo, ila mvuvi akikosa petroli ya injini anabaki kuyatazama maji. Kwetu petroli imekosekana mpaka watu wanalala kwa foleni, hayo unayajua? Na mnaizungumza Haiti kama iko mwezini. 1937 Trujillo aliamuru Wahaiti wauawe mpakani, inasemekana askari walikuwa wanashika jani, linafanana na dania, wanakuuliza hii ni nini, na Mhaiti akishindwa kutamka ile R ya Kihispania basi. Walikufa maelfu. Sasa mdogo wangu amelelewa na bibi kule Rutana, Kiswahili chake si cha mjini. Askari mmoja alimsimamisha hapa akamwambia sema "lori la Lamu". Akasema "rori ra Ramu". Wakacheka, halafu ndoo ikamwagwa barabarani, magari yakapita juu. Hakuna aliyemuua, sitaki kuongeza chumvi. Lakini ile ndoo ilikuwa mtaji wa wiki, na usiku alirudi amejaza mfuko wa shati zile ambazo hazikukanyagwa.

Dere wa 46: Pole dadangu.

Baba Pacha: Pole sana, hilo ni kosa. Lakini alikuwa na permiti?

Kasuku Mjuaji: Permiti ya njugu!! Burundi iliingia Jumuiya 2007, soko la pamoja likaanza 2010, ama yale ni ya wenye malori peke yao? Na mabinti zetu Saudia wakinyang'anywa pasipoti wewe ndiye wa kwanza kuandika kwa herufi kubwa.

Baba Pacha: Usiingize mabinti zetu. Dada yangu yuko Riyadh mwaka wa nne, ndiye alinilipia karo nikamaliza kozi. Ameenda kufanya kazi.

Mwenye Ploti: Kwa hivyo jasho la Riyadh ni kazi, la Kawangware ni kuomba. Sawa.

Baba Pacha: Na wewe usijifanye mtetezi wa wanyonge, watu ishirini choo kimoja! Unawapenda Warundi kwa sababu hawawezi kwenda kukushtaki popote.

Mwenye Ploti: Choo ni viwili. Umefika kwangu lini?

Mzee wa Makaa: Nimeona makaa yametukanwa huko juu hakuna aliyeyatetea. Mimi nauza. Hapa kwetu ukataji katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku 2018, ukafunguliwa 2023, na katikati hapo biashara yangu haikulala hata siku moja, sasa mjue nyinyi ndio mnanunua. Gesi ya kilo sita ikiisha tarehe 18 mnakuja kwangu usiku na mkebe, mmejifunika shali msijulikane. Mhaiti hakukata mti kwa kuuchukia, alikuwa na sufuria na watoto. Huyo jirani alipewa gesi ya ruzuku, nipeni mimi gesi ya ruzuku muone kama nitabeba gunia kwa mgongo huu.

Fundi wa Simu: Mnakumbuka 25 Juni 2024? Polisi wetu wanashuka kwa ndege Port-au-Prince kwenda kutuliza nchi ya watu, na huku siku hiyo hiyo bunge letu linaingiliwa na moshi unapanda. Mamangu aliniuliza hiyo televisheni inaonyesha Haiti ama tao, nikakosa jibu.

Kasuku Mjuaji: Na jirani tajiri anajidai tu. Septemba 2023 Rais Abinader wa Dominika alifunga mpaka kwa hasira, sababu Wahaiti wanachimba mfereji wa maji ya Mto Massacre. Soko la Dajabón likafa, hilo ndilo Wahaiti wanavukia Jumatatu na Ijumaa. Wafanyabiashara wa Dominika wakabaki na mayai na kuku hakuna wa kuuzia. Oktoba wakaanza kufungua polepole. Na miwa yao nani amekuwa akikata miaka yote hiyo? Watoto wa hao wakata miwa mahakama ya Dominika 2013 ikasema hata waliozaliwa hapo tangu 1929, kama wazazi hawakuwa na makaratasi, si raia.

Baba Pacha: Tangu 1929? Hapo wamezidi. Mtu ni babu na mvi zake unamwambia si wa hapa.

Binti wa Buyenzi: Asante kwa hiyo angalau.

Baba Pacha: Lakini choo bado ni kimoja. Nilikaa hiyo ploti 2019, mlango wa bluu, mwisho.

Dere wa 46: Nimepeleka watu tao nikarudi nikidhani nitapata jibu la Haiti, nakuta mko chooni.

Mwenye Ploti: Mlango wa bluu!! Ni wewe ulihama usiku na deni la miezi miwili na bulbu yangu? Kuja uone viwili. Na hiyo bulbu uje nayo.