Kidari cha kuku kimenikwama, wiki ya tisa baada ya upasuaji

Wadau, nisaidieni. Nina wiki ya tisa tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni, ule wa kupunguza uzito. Daktari kaniruhusu vyakula vigumu, nami nimeapa kuachana na vya makopo na pakiti. Jana nikachemsha kidari cha kuku: vipande viwili tu, vikanikaa kifuani kama jiwe, mate yakajaa mdomoni, nikaishia kutapika. Yai linashuka vizuri. Nirudie protini ya unga?

Jibu: Pole, ndugu. Mate hayo nayajua! Kidari ni kikavu; mimi sikukigusa mwaka mzima. Anza na samaki wa mvuke, au paja lililoiva kwenye mchuzi. Kipande kiwe kama ukucha wa kidole cha mwisho, utafune mpaka kilainike kabisa. Na usinywe maji ukila, subiri nusu saa.

Jibu: Unga usiutupe bado. Wengi tunaambiwa gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu. Piga hesabu mwenyewe. Vidonge vya vitamini navyo ni vya maisha, hata ule mboga shamba zima. Ukianza kutapika hata maji, kimbia kwa daktari.

Mwuliza swali: Kumbe! Nilikuwa nashushia na maji. Leo samaki, vijiko vitatu, dakika 25. Katulia.