Hivi muziki wa asili wa Ireland ulitengenezwa Ireland au Marekani??

fidla_kichwani:
Wakuu salama? Kuna kitu kinanichanganya. Kila nikitafuta rekodi za zamani za fidla ya Ireland, zile zenye mikwaruzo, nakuta zimerekodiwa New York. Michael Coleman New York, James Morrison New York, Paddy Killoran naye hukohuko. Kwani Ireland kulikuwa hakuna wapigaji? Na hawa wanaopiga leo wamezaliwa Marekani, nao tuwaite wa asili au wanaigiza tu? Wajuzi nisaidieni

Mzee wa Santuri:
Wapigaji walikuwepo tele mkuu, ila soko lilikuwa ng'ambo. Coleman katoka Sligo, kaunti moja ya Ireland, kaenda Marekani 1914, kule akakuta Wairishi kibao wana mshahara, wana gramafoni, na wamewamis kwao. Kuna mama alikuwa na duka New York, Ellen O'Byrne, 1916 akawafuata kampuni ya santuri ya Columbia akawaambia wateja wananiulizia santuri za kwetu sina cha kuwapa, jamaa wakamjibu poa tutarekodi ila wewe uchukue nakala 500, mama akakubali, wakarekodiwa mpiga kodiani na mpiga banjo, mzigo ukaisha. Kampuni zikaona kumbe kuna hela hapa. Coleman akaanza kurekodi 1921.

kamba_nne:
Sawa ila semeni na hasara. Zile santuri zilirudi Ireland, vijana wakawa wanamuiga Coleman mstari kwa mstari, mitindo ya kaunti zingine ikafunikwa na ya Sligo. Halafu zile piano jamani!! Kampuni inampata mpiga fidla wa moto kweli halafu inamuwekea mpiga kinanda asiyeujua huo muziki, anabamiza tu kodi (chords) anazojua yeye, mpaka unamuonea huruma Coleman

DadaZumari:
Msisahau Chicago. Francis O'Neill alikuwa mkuu wa polisi pale kuanzia 1901 mpaka 1905, mzaliwa wa Cork kule Ireland, na alikuwa anakusanya nyimbo balaa. Kuandika nota hajui, yeye anaupiga wimbo au anauimba, mwenzake James O'Neill, polisi vilevile, anaandika. 1903 wakatoa kitabu chenye nyimbo 1,850. Watu Ireland wenyewe wamejifunzia humo

fidla_kichwani:
Duh polisi tena 😂 haya na wa siku hizi je?

DadaZumari:
Hapo kwenye "kuigiza" nakukatalia kaka. Liz Carroll kazaliwa Chicago, wazazi Wairishi, 1975 akiwa na miaka 18 akaenda Ireland kwenye mashindano makubwa kabisa akabeba ubingwa wa fidla wa wakubwa. Na nyimbo anatunga mwenyewe, zinapigwa pande zote mbili za bahari, wengi hata hawajui ni zake wanadhani za zamani. Joanie Madden wa Bronx naye, filimbi, ndo kiongozi wa Cherish the Ladies, bendi ya wanawake watupu ilianza 1985 New York. Sasa hao utasema wanaigiza nini

kamba_nne:
Hapo umemaliza dada. We fidla_kichwani kama unapiga, nenda kwenye seshen za baa Boston au New York, watu wanakaa duara, hakuna kondakta, wimbo unarudiwa kama mara tatu wanarukia mwingine bila kusimama. Kama huujui kaa kimya usikilize. Na ukijifanya wa kuja na ngoma yako wakati wengine wawili tayari wanazo, watakuangalia vibaya mpaka uifiche chini ya kiti