Nahamia Dodoma kutoka Tanga, nipike chakula cha pwani au nifate wanachokula wenyeji?

Mama wa Ngamiani:
Wadau habari zenu. Mimi nipo Tanga, mume wangu kahamishiwa Dodoma kikazi na mwezi ujao namfata na watoto. Huku nina mgahawa wangu mdogo, asubuhi chai, vitumbua, mihogo ya nazi na mbaazi, mchana wali wa nazi na maharage, samaki wa kupaka kulingana na mvuvi kaniletea nini, Ijumaa pilau. Ndo kazi inayolipa ada za watoto na siko tayari kukaa nyumbani nisubiri hela ya kuachiwa mezani.

Sasa nilienda Dom kuangalia nyumba nikawa nazunguka nakula huku na huku, Majengo, Sabasaba, mpaka kule Mtumba kwenye maofisi ya serikali. Kuku kila kona, nyama choma kila kona, ugali ndo usiseme. Wali wa nazi nimeupata sehemu moja tu, kijiko cha kwanza nikajua hii nazi ya paketi, na maharage yamekaangwa na karoti na hoho hayana tui kabisa. Nikabaki najiuliza, hii ni nafasi yangu au ndo dalili kwamba huku watu hawana habari na nazi?

Nyie mliokaa mikoa tofauti, mliokula Mwanza, Moshi, Mbeya, Dodoma yenyewe, hivi chakula cha mkoa mmoja kinauzika mkoa mwingine? Nibaki na pwani yangu au nianze kuchoma kuku kama wenzangu? Na samaki ntamtoa wapi? Naomba mnishauri kwa uzito maana mtaji ni huo huo mmoja.

DomKwetu:
Mbukwenyi dada, karibu sana kwetu. Kwanza kuku sahau. Hapa kuna mtaa mzima watu wanaenda kwa ajili ya kuku tu, Chako ni Chako, wale wana majiko yao miaka na wateja wao wanawajua kwa majina, na kuku wa kienyeji wenyewe wanashushwa kutoka Singida ambako ni jirani. Ukiingia humo unashindana na watu ambao hiyo ndo kazi yao tangu asubuhi mpaka usiku wa manane.

Pili Dodoma unayoisikia kwenye hadithi sio hii ya saivi. Tangu 2016 serikali ilipotangaza inahamia kweli, na 2018 ukawa jiji, wamekuja watu wa kila mkoa, na wengi wa wale unaowaona Mtumba wametokea Dar. Hao wali wa nazi wamekula maisha yao yote na hapa hawaupati. Mimi mwenyewe Mgogo lakini jirani zangu kushoto wanatoka Lindi, kulia Kagera, na kila wikiendi nasikia harufu tofauti.

Kitu kimoja uwe makini nacho, Bunge. Kikao cha bajeti kinaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, migahawa inapandisha bei na kuongeza wafanyakazi, alafu Julai unashangaa viti vitupu. Usifungue Mei ukapiga hesabu za mwaka mzima kwa mauzo ya Mei.

Sato Mkavu:
Dada mimi ni mtu wa Mwanza nimefanya kazi Dodoma, nakuongelea samaki tu hayo mengine wenzangu watasema.

Mtu wa Ziwa samaki anamkagua kabla hajakaa. Anaangalia jicho, anaangalia shavu, akiona kalala barafuni siku nne anaagiza maharage. Kwetu sato anakaangwa mzima au anapikwa chukuchuku, nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi, basi, na ugali wa dona au wa muhogo. Hakuna nazi hakuna nini, kwa sababu samaki mwenyewe katoka majini asubuhi ile na huna cha kuficha. Ndo maana sato wa Mwanza ukimla Dar unaona wa kawaida tu.

Kwa hiyo ushauri wangu usihangaike na changu na jodari kutoka Tanga, gari likiharibika njiani umeshapoteza hela ya wiki. Dodoma kuna bwawa la Mtera, kama kilomita 120 hivi barabara ya Iringa, perege wanatoka kule na kambale pia. Mzuri kabisa yule perege. Mchome kwanza nyama ikaze alafu ndo umpake tui lako, ukimtosa mbichi kwenye rojo anavurugika maana nyama ya samaki wa maji baridi ni laini kuliko ya changu. Hiyo itakuwa sahani ambayo Dodoma haipo na Tanga haipo.

Mshare:
Swali lako la kama chakula cha mkoa kinauzika mkoa mwingine mimi nakujibu kwa mtori. Nimezaliwa Moshi, naishi Mbeya. Kwetu asubuhi mtu anaingia mgahawani anaagiza mtori kabla ya kitu chochote, mzito, nyama imeiva mpaka inaachia mfupa, na ndizi yake ni mshare, sio ndizi yoyote tu. Hapa Mbeya kuna mtu alifungua mgahawa akaandika mtori kwenye ubao mkubwa nikaenda nimefurahi kweli. Kaupika na ndizi za huku. Ndizi za Tukuyu ni nzuri sana kwa mapishi ya huku, lakini kwenye mtori zile hazikushika, ukawa mwepesi maji yanakaa juu ndizi chini. Wachaga tulienda mara moja moja tukaacha, na wenyeji wakadhani mtori ndo ulivyo, hawakuutaka tena.

Sasa jiulize kila chakula chako kinasimama kwa kitu gani na hicho kitu Dodoma kinafika kikiwa kizima? Kama hakifiki usikiandike ubaoni hata kama wateja wanakiomba.

Alafu tukiwa hapo hapo kwenye wali, watu wa Mbeya usiwape mchele wa Kyela umejaa nazi, ule mchele una harufu yake na wao wanaisubiri hiyo harufu, wanapika na mafuta kidogo na chumvi. Kwa wali wa nazi tafuta mchele mzuri wa kawaida tu usiovurugika, harufu itatoka kwenye tui.

Fuso la Kati:
Mimi dereva wa mizigo, kula yangu ni barabarani kuanzia Chalinze mpaka Kahama kwa hiyo naongea ninachokiona.

Nazi isikutishe. Nazi kavu iliyokomaa yenye maji ndani inasafiri kuliko chakula chochote ulichotaja, iweke kivulini pasipo na joto inakaa wiki kadhaa. Sisi tunazipakia kutoka Mkuranga na Rufiji. Ukipata dereva mwaminifu anakushushia gunia kila baada ya muda, tikisa moja moja, isiyolia maji rudisha hapo hapo mbele yake.

Kitu ambacho nyie wa pwani mnatuumiza ni muda. Migahawa ya Tanga na Bagamoyo nimekula vizuri mno lakini unafika saa saba unaambiwa subiri kidogo wali unapaliwa. Kanda ya kati na Ziwa ukikaa tu sahani iko mezani. Dodoma wateja wako ni watu wa ofisi, wana saa moja ya kutoka, kula na kurudi, wakikusubiri mara mbili hawaji mara ya tatu hata upike nini. Saa sita na nusu kila kitu kiwe kimeiva.

Mama wa Ngamiani:
Aisee nashukuru sana, hiyo ya perege sikuwa nayo kabisa. Na @Fuso la Kati umesema kweli kuhusu muda, ila wali wa nazi mzuri ni wa kupalia makaa juu taratibu, basi itabidi moto niuwashe mapema.

Naomba niseme kuhusu paketi maana kuna mtu kaniuliza pembeni kwa nini nisitumie tu ya unga yaishe. Nazi nikiikuna kwa mbuzi nachuja tui la kwanza lile zito naliweka pembeni. La pili na la tatu jepesi ndo napikia maharage au mbaazi mpaka zinaiva zinakuwa laini. Tui zito naliweka mwishoni kabisa, moto mdogo, nakoroga upande mmoja mpaka lichemke kidogo tu, nikiliacha litokote sana linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unabaki na chenga chenga. Ukila unaona ule utamu uko juu ya ulimi kabla hujafika kwenye harage. Ya paketi ni moja tu, haina la kwanza wala la pili, unaitia yote pamoja na inaacha kama unga kooni. Mteja asiyejua nazi atakula tu, lakini huyo wa kutoka Dar au Lindi anayenitafuta mimi atajua kijiko cha kwanza kama nilivojua mimi.

Mzalendo wa Sembe:
Dada mimi napingana na wote hapo juu, kwa nia njema tu. Mnamwambia habari za perege wa kupaka na tui la kwanza, mtu wa kawaida hali hivo kila siku. Nilikuwa nakula kwenye mgahawa mmoja wa pwani hapa mjini, chakula kitamu mno, wali wa nazi, pweza, kila kitu, lakini ugali hawakuwa nao, walisema wao ni wa wali tu. Tulikuwa tunaenda watu wanne ofisini, wawili wanataka ugali, tukawa tunaishia kwenda sehemu ambayo wote wanne tunapata. Hawakumaliza mwaka.

Weka ugali. Hata kama moyo wako uko kwenye nazi weka ugali na mboga mbili za kueleweka. Mtu anakula wali wako Jumatatu na Ijumaa, hizo siku tatu za katikati unataka aende wapi?

Bibi wa Bahi:
Mwanangu karibu Ugogoni. Huyo wa sembe kasema la maana, mimi naongezea kwamba hakuna anayekuuzia mlenda mjini hapa ukashiba roho. Wote wanakuja Dodoma wanauliza chakula cha Wagogo ni nini wanaonyeshwa nyama choma. Sisi chakula chetu ni ugali wa uwele au mtama na mlenda, na mlenda wa kukausha ukiupika na karanga zilizotwangwa hauhitaji nyama. Watu wanaona aibu kuuweka ubaoni wakati wenyewe nyumbani wanaula.

Mtafute mama wa hapa hapa akupikie mlenda wewe upike nazi yako. Usijifunze wewe, utaupika ukawa maji. Na mbaazi usibebe kutoka Tanga, zinalimwa Kondoa na Babati, unazipata hapa kwa bei nafuu kuliko huko kwenu.

Ebitoke:
Nipite haraka. Watu wa Kagera tuko wengi Dodoma na tunalipa vizuri kwa ndizi za nyumbani zilizopikwa na maharage, lakini ndizi ikikaa kwenye gari lenye joto inaiva na ikianza kuiva haifai tena kwa kupika. Kama huna mtu wa uhakika wa kukuletea achana nazo. Nakubaliana na Mshare kwa asilimia mia.

Kijana wa UDOM:
Dada kama utakuwa karibu na chuo bei ndo kila kitu, sahani ya elfu mbili wali maharage tunajaza mgahawa, samaki ni wa siku boom (hela ya mkopo wa chuo) likitoka. Ila chai ya asubuhi na vitumbua na mbaazi za nazi hapa hakuna kabisa, tunakula chapati na supu au maandazi makavu kila siku. Mimi ningekuja kila asubuhi kwa mbaazi tu.

Mama wa Ngamiani:
Jamani mmenifungua sana, nimekaa na mume wangu tumesoma uzi wote pamoja. Nimeamua hivi. Asubuhi ibaki pwani tupu, vitumbua, mbaazi, mihogo, hapo sibadilishi kitu. Mchana wali wa nazi na maharage kila siku, ugali kila siku, na mlenda nikimpata huyo mama. Bibi naomba unisaidie kumtafuta, ntamlipa kama fundi sio kama msaidizi. Perege wa kupaka siku mbili tu kwa wiki, siku ambazo gari la Mtera linaingia, na zikiisha zimeisha, sitoi wa juzi. Pilau Ijumaa. Kuku nimemuacha kabisa. Na nafungua Agosti Bunge limeshaondoka ili nijue wateja wangu wa kweli ni wangapi kabla ya wageni.

Kimebaki kitu kimoja, mihogo. Ya Tanga naijua, nikivunja tu naona kama itakuwa laini au itakuwa kamba. Ya huko inapatikana mizuri?

DomKwetu:
Inapatikana, nenda soko la Majengo asubuhi sana. Ila usinunue gunia kwa kuangalia ganda, inakuja ya sehemu tofauti na kuna mingine michungu. Mwambie muuzaji akukatie kipande utafune kibichi kutoka mihogo miwili mitatu ya chini ya gunia, ikiwa michungu pita meza inayofuata. Na ukikubali gunia la mtu muulize anatoa wapi, alafu rudi kwake huyo huyo.

Bibi wa Bahi:
Mama wa mlenda nimeshampata, ni jirani yangu na ana mlenda wake wa kukausha wa msimu uliopita. Ukifika nitumie ujumbe humu humu nikukutanishe naye.