Shule ina milioni 3: inunue projekta na vishikwambi, au tuanze na ufundishaji?

MzaziBuswelu: Kamati ya shule moja ya msingi hapa Ilemela ina milioni 3 za michango. Mwenyekiti anataka projekta na vishikwambi 10 ili hesabu za darasa la sita zipande. Darasa lina watoto 120. Wataalamu semeni. Mimi naona bora mashine, maana walimu wetu vishikwambi walivyopewa baada ya Sensa ya 2022 wanatazamia mpira tu.

Hesabu_Nyamagana: Msinunue. Vishikwambi 10 ni watoto 12 kwa kioo kimoja: mmoja anashika, wawili wanachungulia, tisa wanapiga soga. Peru waligawa kompyuta ndogo vijijini, wakaja kupima hesabu na kusoma, alama hazikupanda. Tatizo ni mwalimu kutojua nani hajaelewa nini. Chukua manila, ikunje mara tano, kata mikunjo: vipande 32. Kila kipande kikunje tena robo nne, andika A, B, C, D. Manila nne zinatosha darasa zima, kila mtoto kadi moja. Uliza: A ni 0.35, B ni 0.4, ipi kubwa? Hesabu moja hadi tatu, wanyanyue kadi wote kwa pamoja, herufi ya jibu ikikutazama, la sivyo wataigana. Anayechagua 0.35 anaona 35 na 4, namba nzima. Huyo mwandikishe 0.4 kama 0.40 chini ya 0.35, nukta chini ya nukta. Robo ya darasa wakikosa, usisonge mbele, badilisha njia.

MwalimuUkerewe: Mimi nimeishia kwenye mpira. Mzazi, unajua shule ya kisiwani isiyo na umeme inachajije? Kishikwambi kinapelekwa mwaloni, mwalimu analipia mfukoni. Akisoma vitabu vya Taasisi ya Elimu usiku hamumuoni, akitazama goli moja mnamuona.

MzaziBuswelu: Sikusema wote.

MwalimuUkerewe: Umeandika "walimu wetu". Rudi ujisome.

FundiSolaIgoma: Kwa vile chaji imetajwa. Betri ya asidi ya V 12, Ah 100 ina Wh 1,200 (wati mara saa), lakini usile zaidi ya nusu, yaani 600. Projekta ya W 250, ukijumlisha kinachopotea kwenye inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa soketi), ni saa mbili tu. Kishikwambi cha mAh 5,000 kinabeba kama Wh 19, kwa hiyo hata 20 vinachajika kwa betri hiyohiyo. Kinachoua sola za shule ni simu na redio zinazochomekwa usiku. Inveta nyingi zinakata umeme betri ikishuka hadi V 10.5, na hapo betri imeshaumia. Ikifika chini hivyo kila siku haidumu, halafu watu wanalaumu paneli.

MzaziBuswelu: Kwa hiyo fundi, projekta ikae na betri mbili?

DadaMisungwi: Jamani, watoto! Hesabu_Nyamagana, kadi zako zinamsaidia anayeweza kusoma swali. Darasa la sita wapo wasiomaliza aya. Kwanza pima mmoja mmoja, dakika mbili tatu: herufi, silabi, neno, aya, hadithi. Wapange kwa kiwango, si kwa darasa, saa moja kila siku, na upime tena ili anayepanda ahame kundi. Pratham, shirika la elimu la India, wamefanya hivyo miaka mingi. Na Kenya, kwenye Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, vishikwambi walipewa maafisa waliokuwa wanazunguka shuleni: afisa alikuwa anakaa darasani, anasikiliza watoto wachache wakisoma, anamshauri mwalimu palepale.

Hesabu_Nyamagana: Swali la kadi unalisoma wewe kwa sauti, dada. Nani kasema mtoto asome?

DadaMisungwi: Na mtihani wa darasa la saba atasomewa na nani?

Hesabu_Nyamagana: Hapo tunazungumzia Kiswahili. Mada ni hesabu.

DadaMisungwi: Fumbo la hesabu limeandikwa kwa lugha gani, kaka?

MwalimuUkerewe: Bado namsubiri mzazi kwenye ile sentensi.

MzaziBuswelu: Mwalimu, naiondoa, na samahani kwa walimu. Sasa hizo kadi: majibu matatu ya uongo anayatunga nani? Maana yakiwa ya kubahatisha, mtoto ataruka tu kwenye la kweli.

Hesabu_Nyamagana: Hayatungwi. Fungua madaftari 20 ya zoezi la wiki iliyopita, hesabu kila kosa limejirudia mara ngapi, chukua matatu yanayoongoza. Swali moja kwa kipindi, dakika tano za mwanzo. Na herufi ya jibu sahihi ibadilike kila siku, watoto wanakariri C haraka sana.