Tupeane uzoefu: kwenye staji (mafunzo ya kazini), nani alikushika mkono?

Yaya wa Ibanda: Wandugu wa Bukavu, jambo. Mdogo wangu ameanza staji ya uuguzi, na kila jioni anarudi kimya. Siamini kwamba wenzake wana roho mbaya. Naona ni mpangilio wa kazi unaowatenga. Ninyi mliojifunzia kazini, hospitalini, garajini au atelieni, ni kitu gani kiliwafanya mbebane?

Muuguzi, Kadutu: Zamu ya usiku. Mchana tulikuwa wengi, kila mmoja akitafuta pointi machoni mwa msimamizi. Usiku tulibaki wawili na wodi nzima ya watoto. Kuna mtoto alifika na malaria kali, damu imekwisha mwilini, akafa kabla ya kuongezewa. Tulimwosha pamoja na mama yake. Baadaye muuguzi mkubwa wa zamu akatuita kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango, akatuuliza kwa Kiswahili: "Wanangu, mioyo yenu iko namna gani?" Kazi yetu yote, ripoti na maswali, ni ya Kifaransa, na kwa Kifaransa tungemtajia hemoglobini na saa ya kifo. Pale tulilia, naye akatungoja. Tangu hapo mimi na mwenzangu hatukuficha kitu. Walipotuhamisha kila mmoja kwenye wodi yake, wapya tuliokutana nao hatukuwaambia lolote la moyoni. Utamwambiaje mtu ambaye wiki ijayo hayupo?

Fundi, Bagira: Kwetu ilikuwa vyombo. Sanduku moja la kle (spana) kwa wote, na ikipotea moja tunalipa sote. Ni nani atamwonea huruma mtu anayemshuku? Patron, mwenye garaji, alipogawa vyombo kwa wawili wawili, ndipo tukaanza kuulizana habari za nyumbani.

Mshonaji, Nyawera: Likelemba, ule mchango wa kupokezana: wote tunatoa, mmoja anapokea kwa zamu. Siku ya kutoa, ukikosa, wenzako wanajua nyumbani kuna tatizo. Mwaka 2025, benki zilipofungwa, wengi tulikula kwa sababu hiyo.

Yaya wa Ibanda: Mama, na asiye na cha kutoa?

Mshonaji, Nyawera: Alishika watoto wetu tukiwa kwenye mashine. Lakini hilo tuliliwaza mmoja akiwa ameshaondoka kwa haya. Huyo mdogo wako amwendee anayepanga zamu, aombe asitenganishwe na mwenzake mpaka staji iishe.