CT skani ya mama inasema nimonia ya virusi, mbona daktari anataka sampuli tena?

Binti wa Pili:
Wakuu, salaam. Naomba mnieleweshe, kichwa kimejaa.

Mama ana miaka 61. Leo siku ya nane ana homa, kikohozi kikavu na uchovu. PCR ya puani, kile kipimo cha maabara cha kusaka virusi, ilitoka hasi. Eksirei ya siku ya tatu ilikuwa safi. Jana akapigwa CT skani ya kifua, ripoti ikasema mapafu yote mawili yana ukungu sehemu za chini na za pembeni, "mwonekano unaoendana na nimonia ya virusi". Nikajua jibu limepatikana. Sasa daktari anataka achukuliwe sampuli nyingine! Kama picha imeshaona ugonjwa, sampuli ya nini? Na wiki ijayo tuombe CT nyingine tuone kama anapona?

Chumba cha Picha:
Pole sana dada, Mungu amjalie nafuu. Mimi kazi yangu ni kupiga hizo CT. Rudia kusoma hilo neno "unaoendana". Aliyeandika hakusema "ni", na alikusudia hivyo. Ukungu ule maana yake vifuko vya hewa vimeanza kuingia majimaji au kuta zake zimevimba. Corona hufanya hivyo, influenza pia. Lakini hata moyo ukishindwa kusukuma damu, au damu ikivujia ndani ya mapafu, ukungu wa namna hiyo hutokea.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa wagonjwa 1,014 wa Wuhan. CT iliwanasa 97% ya waliokuwa na PCR chanya, na namba hiyo ikasambaa kila mahali. Ya pili haikusambaa: kwa wenye PCR hasi, ni robo tu ambao picha zao zilikuwa safi, yaani robo tatu CT iliwaonyesha kama wana corona ingawa PCR haikuiona.

Mdadisi77:
Mkuu, mbona kule Hubei, jimbo la huo mji wa Wuhan, walihesabu wagonjwa kwa picha tu?

Chumba cha Picha:
Ni kweli, Februari 2020. Mlipuko ulikuwa umepamba moto na majibu ya maabara hayakuwahi. Katika hali ile, mtu mwenye homa na ukungu mapafuni uwezekano wa kuwa na corona ulikuwa mkubwa tayari. Mwezi uliofuata Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilishauri CT isitumike kama kipimo cha kwanza cha kuitambua corona.

Dkt wa Zamu:
Binti wa Pili, sampuli inarudiwa kwa sababu ya dawa. Influenza ina dawa yake, corona ina zake, na bakteria wakiwa wamejiongeza juu ya virusi atahitaji antibiotiki. Picha haiwezi kukuchagulia. PCR ya puani nayo hukosa, hasa ugonjwa ukishashuka kifuani. Akiweza kutoa makohozi, ndiyo sampuli nzuri zaidi. Eksirei ile usiilaumu, siku za mwanzo hata CT huweza kutoka safi.

CT ya kuangalia kama anapona, hapana, ikiwa anaendelea vizuri. Ukungu huweza kubaki wiki kadhaa mgonjwa akiwa ameshainuka, nanyi mtaogopa bure. Mionzi yake pia ni kama eksirei za kifua 70 hivi. Ikihitajika, apigwe bila woga, kwa mfano akibanwa pumzi ghafla na tukashuku damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu. Hiyo hupigwa kwa dawa ya kuonyesha mishipa.

Oksijeni yake ya kidoleni ni ngapi?

Binti wa Pili:
Jana 95. Nimempima sasa hivi, 90. Anasema hajisikii vibaya.

Dkt wa Zamu:
Pima kidole kingine, mkono uwe na joto.

Binti wa Pili:
90 tena. Mara moja 89.

Dkt wa Zamu:
Mpeleke hospitali sasa, usisubiri kesho. Nimonia ya virusi humshusha mtu oksijeni naye bado anaongea vizuri tu. Beba na ripoti ya CT.

Binti wa Pili:
Tunatoka.

Binti wa Pili:
Wakuu, amelazwa, yuko kwenye oksijeni, imepanda hadi 95. Makohozi yamechukuliwa. Majibu kesho, nitayaleta hapa.